Kidole Kando ya Uyoga

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mvua ikiwa imekesha juu ya Durban, nilipolala kifudifudi juu ya majani yaliyooza huku nimevaa sketi yangu ya kanisani, pua karibu iguse kijiti, nimezuia pumzi kama mtu anayejificha. Mbele yangu ulisimama uyoga. Ulikuwa mweupe, kofia yake imechongoka kama paa la msonge, shina lake jembamba kama uzi wa kushonea. Ungeuweka nyuma ya punje ya mchele, usingeuona tena.

"Usipumue," alininong'oneza Mzee Amade. "Ukipumua unaitikisa dunia yake."

Nimeikumbuka asubuhi ile jana, uliponiletea simu yako yenye kile kilenzi cha kubana, ukanionyesha uyoga mwekundu uliojaza kioo kizima. Nilikuuliza una ukubwa gani. Ukacheka, ukasema, "Aaa, mama mkubwa, ukubwa wa nini tena? Wewe angalia uzuri." Sikukujibu, kwa sababu jibu langu ni refu na wewe ulikuwa na haraka. Leo mvua imekufunga ndani pamoja nami. Basi keti, sogeza kikombe chako, nikupe jibu la swali nililokuuliza mimi mwenyewe.

Nilikuwa binti mbichi wakati huo, nimetoka Bukavu na begi moja, ninakaa katika ghorofa za Albert Park na watu wa kanisa letu. Mzee Amade alikuwa na chumba chembamba cha kupigia picha chini ya jengo letu, kati ya saluni na duka la simu. Yeye alikuwa mzaliwa wa hapa hapa. Wazee wa wazee wake waliletwa kutoka huko juu pwani zamani, wakaitwa Wazanzibari, na serikali ya ubaguzi ilipowahamisha ikawapeleka Chatsworth. Kiswahili chake kilikuwa cha kurithi, kimekaa sandukuni muda mrefu, na pale kilipotoboka alikishona kwa Kizulu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha rangi kule Mobeni, na alipostaafu alinunua kamera badala ya kununua kiti cha kupumzikia.

Siku za kazi tulipiga picha za karatasi za ukimbizi na za harusi. Jumapili alasiri tulipiga watu waliotoka kanisani, suti kwa suti, viatu vikimetameta, picha za kutuma nyumbani. Lakini mvua ikinyesha siku mbili tatu mfululizo, Mzee Amade alifunga mlango, tukapanda taxi hadi Chatsworth, tukashuka bondeni nyuma ya nyumba, ndani ya msitu, kutafuta uyoga. Hakutaka ule mkubwa. Ule mkubwa, alisema, kila mtu anauona. Alitaka ule ambao hata sisimizi anaupita bila kuusalimia.

Nawe usidhani ilikuwa kama kazi yako ya leo, ya kubonyeza na kuona papo hapo. Tulikuwa na mkanda wa filamu, na ulichokipiga ulikijua baada ya kusafisha. Lenzi ya kukuzia vitu vidogo ilikuwa ghali, kwa hiyo Mzee Amade aliigeuza lenzi ya kawaida kinyume: upande unaotazama watu akaukaza kwenye kamera kwa pete ya chuma, na upande wa nyuma ukatazama nje. Lenzi ikigeuzwa hivyo hukuza kitu ajabu, lakini hukudai usogee mpaka karibu ukipige busu. Stendi ya miguu mitatu haikufaa, ni ndefu mno kwa kiumbe kifupi namna ile. Tuliilaza kamera juu ya kifuko cha maharage. Mwanga wa chini ya kofia tuliurudisha kwa karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Kisha unauyumbisha mwili wako mbele na nyuma, polepole, kama mama anayebembeleza mtoto, mpaka ukingo wa kofia ukate kama wembe. Ukipita unywele mmoja, kila kitu kinazama kwenye ukungu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama mpaka tukalala.

Kabla ya kubonyeza alikuwa na desturi moja. Kwa brashi ndogo ya rangi aliondoa kila kilichokuwa jirani: jani, mbegu, kipande cha gome, hata mchwa aliyekuwa akijipitia zake.

"Picha safi haina kidole," aliniambia. Alimaanisha kwamba pasiwe na kidole, pasiwe na sarafu wala njiti ya kibiriti, pasiwe na chochote cha kumwambia mtazamaji kimo cha kitu. "Uache usimame peke yake, binti. Uwe mlima."

Siku ile alinipa mimi kamera. Nilibonyeza. Na filamu iliposafishwa, mwanangu, uyoga wangu ulikuwa mlima kweli. Ulikuwa umesimama katika giza la kijani, mweupe, mkubwa kama sahani ya wali, mistari ya chini ya kofia ikishuka kama mapindo ya gauni la bibi harusi, tone la maji likining'inia pembeni na ndani yake msitu mzima umesimama kichwa chini. Mzee Amade aliitazama muda mrefu. Halafu akaifanya kubwa, akaibandika kwenye kioo cha mlango wetu, mahali pa picha ya maharusi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo njia inapopinda.

Mwenye saluni ya jirani alikuwa Mama Furaha, mtu wa kwetu Kivu, mnene wa mwili na wa sauti, anayesuka nywele huku akigombana na redio. Wiki zile sauti yake ilikuwa imepungua. Mama yake mzazi, Koko Nabintu (koko ndivyo tunavyomwita bibi), alikuwa ameacha kula. Alikuwa amemfuata mwanawe Durban baada ya vita kumaliza kila kilichokuwa chake, na tangu afike alikuwa akisinyaa kama jani juani. Waliompima hospitalini hawakuona ugonjwa. Walisema tu kwamba asipokula ataondoka duniani. Walimletea samaki, akageuza uso. Walimletea kuku, akageuza uso. Siku moja tu alifumbua mdomo: alisema angepata uyoga wa kichuguu, ule unaoota juu ya nyumba ya mchwa mvua za kwanza zikinyesha, ule alioupika na mama yake, labda koo lake lingekumbuka kazi yake.

Mama Furaha alipita mbele ya mlango wetu na ndoo ya maji, akaiona picha. Akaitua ndoo.

"Ni nani alipiga hii foto?"

"Mimi, mama."

"Wapi? Bukavu?"

"Hapana. Hapa hapa. Kwa msitu, kule Chatsworth."

"Iko hapa Durban?" Alishika kifua. "Mungu wangu! Ni yenyewe! Ona kichwa namna kimechongoka. Ni yenyewe kabisa, ile ya kichuguu! Mutoto, unajua umefanya nini? Umeokoa mama yangu!"

Akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Wasusi wakatoka na vitana vyao, wateja wakatoka na nusu ya vichwa vimesukwa, wote wakasimama mbele ya picha yangu. Mmoja alisema, "Hii kidada ya kupiga foto ya karatasi, kumbe iko na kipaji hivi?" Nami nilisimama pale nikizilamba zile sifa kama mtoto aliyeachiwa mwiko wa asali. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi ni mtoto wa mjini, sikuwahi kuchuma uyoga maishani mwangu, sikujua wa kichuguu unafananaje. Lakini jambo moja nililijua pale pale, kwa sababu nilikuwa nimelala tumboni mbele yake: nilijua kimo chake. Mama Furaha hakuniuliza. Na nani atauliza kimo cha kitu anachokiona kimejaa mlangoni? Nami sikusema.

Jioni hiyo hiyo Mama Furaha alimwambia mama yake. Na Koko Nabintu, ambaye siku nyingi alikuwa akigeuzwa kitandani kama mzigo, aliomba maji ya kuoga. Aliomba kitambaa chake cha kichwa, kile cha njano. Akaagiza sufuria ioshwe, mafuta ya mawese yatafutwe, na akanywa vijiko kadhaa vya uji. "Huu si chakula," alisema, watu wasije wakafurahi kabla ya wakati. "Huu ni wa kungojea."

Ijumaa tulikwenda, mimi na Mama Furaha, yeye akiwa na beseni kubwa la plastiki kichwani. Mzee Amade hakuwepo, alikuwa msikitini. Tulishuka bondeni, tumbili wakitukodolea macho kutoka juu, mbu wakifanya sherehe miguuni mwetu. Nilikitafuta kile kijiti mpaka nikakiona.

"Ni hapa, mama."

Alitua beseni. Akatazama juu, akatazama kushoto. "Wapi?"

"Hapo. Mbele ya mguu wako. Usikanyage."

Akainama. "Mimi naona majani."

"Juu ya kijiti, mama. Hapo kidole changu kilipo."

Akapiga magoti. Akasogeza uso. Nikauona uso wake ukiganda.

"Hii?"

"Ndiyo."

"Hii hapa, kama jino la panya?"

"Ndiyo, mama."

Alicheka kwanza. Alicheka kwa sauti yake yote, mpaka tumbili wakakimbia. "Nimebeba beseni!" alisema. "Eish, watu wa Albert Park, njooni mnione, nimebeba beseni!" Halafu kicheko kikamgeukia mdomoni, akakaa chini kwenye tope na kuficha uso katika kanga yake. "Ameoga," alisema. "Unaelewa? Mama yangu ameoga. Amevaa kitambaa. Sasa nirudi nimwambie nini?"

Nililiokota beseni, nikamshika mkono. Tulipanda kurudi barabarani. Na pale juu, kwenye majani mafupi kando ya ukuta wa mwisho wa nyumba, mvua ilikuwa imefanya kazi yake: uyoga mkubwa, mweupe, kofia pana kama sahani, umesimama kwa makundi kama miavuli mazishini.

Mama Furaha alisimama. "Mungu wa ajabu," alinong'ona. "Kumbe kule ni watoto. Wakubwa wao ndio hawa."

Mwanangu, ningesema hapana. Lakini nilitazama, na macho yangu yakaniambia ni kweli. Weupe ulikuwa ule ule, mapindo ya chini ya kofia yale yale, ukubwa ule ule uliobandikwa mlangoni petu. Ndipo hapo penye mtego. Ukubwa wa kwenye picha yangu haukuwa wa kweli, na sasa duniani tulikuwa tumekuta kitu kinacholingana nao sawasawa. Sisi wenyewe tuliutengeneza uongo, kisha tukauona umesimama barabarani tukausalimia kama ndugu. Tulijaza beseni.

Tulipofika ghorofani, Koko Nabintu alikuwa ameketi kitandani, kitambaa cha njano kichwani, mgongo wima. Jikoni mawese yalikuwa yameanza kunukia. Macho yake hayakuwa na nguvu. Vitu vya karibu vilikuwa kwake kama moshi. Mama Furaha alipita moja kwa moja kuelekea jikoni.

"Wewe," Koko aliita. "Unapita na mgeni bila kumleta anisalimie? Lete nimushike kwanza."

Beseni liliwekwa mapajani mwake. Alichukua uyoga mmoja, akapapasa kofia kwa kidole gumba, taratibu, kama anayepapasa uso wa mjukuu. Tabasamu lilianza. Akashuka na shina. Akafika mwisho wake. Vidole vikasimama.

"Mzizi uko wapi?"

"Mzizi gani, mama?"

"Mumeukata?"

"Hapana, mama. Tumevuta tu, umetoka hivyo."

Alichukua mwingine, na mwingine, akipapasa miisho tu sasa. Kisha akalisukuma beseni polepole mpaka likatoka mapajani.

"Uyoga wa kichuguu unashuka chini," alisema. "Mzizi wake ni mrefu kama mukono wa mutoto, unaingia mpaka kwa nyumba ya mchwa. Unapouvuta unajua umevuta kitu chenye kwao. Hawa wamekaa juu juu tu. Hawa si wa kwetu, siwajui. Mtu nisiyemjua simkaribishi kwa tumbo langu."

Mlango ulikuwa wazi, na wakati huo huo Mzee Amade aliingia, kofia yake ya swala bado kichwani. Wasusi walikuwa wamemwambia tulikokwenda. Aliona beseni. Nikaona rangi ikimtoka usoni.

"Haibo! Nani amekula?"

"Hakuna, baba," alisema Mama Furaha.

"Alhamdulillahi. Alhamdulillahi." Alilisogeza beseni mbali na kitanda. "Hawa wa kwenye majani ya barabarani ni sumu, wena. Mwenye nguvu anatapika mpaka anabebwa. Mzee aliyekaa na njaa kama mama huyu..." Hakumalizia. Mama Furaha aliingia jikoni, akazima moto chini ya mawese, na tukamsikia akilia huko, kilio kidogo, cha mtu asiyetaka kusikika.

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Lakini mimi kuna kitu nilikuwa nakijua, na nilikuwa nimekizimia taa mwenyewe.

Koko Nabintu aliomba aletewe hiyo picha. Nilikimbia chini, nikaibandua mlangoni. Aliishika karibu na dirisha, akaitazama kwa pembe ya jicho.

"Huu wa kwenye foto," aliniuliza, "kimo chake ni namna gani?"

Nilimwonyesha kwa ncha ya ukucha.

Aliishusha picha mapajani. Kisha akafanya jambo ambalo wewe uliyekulia hapa umeliona kwetu na kwa Wazulu pia. Alisimamisha kiganja hewani, vidole vikielekea juu.

"Ukiniuliza mjukuu wangu ana kimo gani, ninaonyesha hivi. Mkono umesimama, maana mtu anakua." Akakilaza kiganja. "Ukiniuliza mbuzi, ninaonyesha hivi. Hata mbuzi tunampa mkono. Wewe umeonyesha kitu kwa mlango wa watu wote, na haukukipa mkono. Kwa nini?"

Nilimtazama Mzee Amade. Naye, namshukuru mpaka leo, hakuniacha peke yangu.

"Mimi ndiye niliyemfundisha, mama," alisema. "Katika kazi yetu tunasema picha safi haina kidole."

"Safi kwa nani, baba?"

Mzee mzima alivua kofia yake ya swala, akaikunja.

"Nyinyi mnapenda kitu kidogo," Koko aliendelea, bila hasira, na afadhali angekasirika. "Ni vizuri. Watu wengi hawakipendi. Lakini mukikipenda, mbona munaona haya udogo wake? Munamuvalisha mutoto koti ya baba yake, halafu munaita watu: njooni muone mwanaume. Yule aliye na shida atakuja mbio. Na atamubebesha mutoto mzigo wa mwanaume."

Akalala, akageukia ukutani. Kitambaa cha njano kilianguka kwenye mto. Alikataa uji. Alikataa hata wa kungojea.

Usiniulize nililalaje. Asubuhi Mzee Amade alinigongea, mkononi ana kikopo cha jamu kilichotandikwa majani mabichi. Alikuwa ameshuka bondeni mwenyewe kulipopambazuka, akakata kile kijiti kwa wembe na kukileta kizima. Ule uyoga wangu ulikuwa umeshachoka, lakini kando yake ulikuwa umeota mwingine, mdogo zaidi, umesimama.

"Tumpelekee kimo chake," alisema.

Tuliweka kijiti kwenye dirisha la Koko Nabintu, mwanga wa bahari ukiingia kutoka nyuma ya maghorofa. Nikaiweka kamera juu ya kifuko cha maharage.

"Koko," nikasema, "nimekuja kupiga tena. Naomba mkono wako."

Alibaki ameelekea ukutani. Nilidhani amekataa. Kisha mkono ukatoka chini ya blanketi, mkavu, mwepesi kama ganda la muhogo. Niliushika nikaongoza kidole chake cha shahada mpaka kando ya uyoga. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile hatukupangusa chochote. Kipande cha gome kilikuwepo, na mdudu mmoja mwekundu alikuwepo, anatafuta njia.

"Mimi sioni kitu hapo," alisema.

"Njoo uone kwa tundu hili, Koko."

Mama Furaha alimwinua, nikamshikia kamera jichoni, nikamyumbisha taratibu, mbele, nyuma, kama Mzee Amade alivyonifundisha kujiyumbisha mimi. Mbele. Nyuma. Na mara mwili wake ukatulia.

"Ee," alisema.

Tukangoja.

"Hiki kilima cha nyufa ni nini?"

"Ni kidole chako, Koko."

"Kidole changu!" Bega lake lilianza kutikisika. Alikuwa anacheka. "Nimezeeka namna hii? Na huyu mweupe anasimama kando ya mlima huu bila kuogopa?" Alitazama tena, muda mrefu, mpaka mkono wangu ukauma. Alipozungumza sauti ilikuwa imeshuka.

"Kichuguu chake kiko wapi?"

"Hana, Koko. Ameota kwa kijiti tu."

"Kijiti kilichokufa?"

"Kilichokufa."

Aliondoa jicho kwenye kamera. Akatazama dirishani, kule kwenye maghorofa na nguo zilizoanikwa na kelele ya ndege hadeda wakipita juu, mji ambao hakuuchagua.

"Hakungoja kichuguu," alisema. "Amepata kijiti, amesimama." Akajifuta jicho kwa kitambaa cha njano, kisha akamgeukia mwanawe kwa ile sauti ya ukali ambayo Mama Furaha alikuwa ameirithi na nyumba nzima ilikuwa imeisahau. "Wewe, mbona umesimama kama mlingoti? Si ulisema iko sombe kwa friji? Leta hiyo sombe yenu ya barafu, niione inasema nini."

Aliila kidogo hiyo sombe, kisamvu cha kwetu. Alilalamika kwamba haina pilipili, akala tena. Siku ya pili alilalamika zaidi, nasi tulifurahi, maana mzee anayelalamikia chumvi amerudi duniani. Koko Nabintu aliona mvua nyingi baada ya hizo. Alikuwa akituagiza: "Mukienda kwa msitu, munisalimie yule wa kijiti." Hakuonja tena uyoga wa kichuguu mpaka Mungu alipomchukua. Kuna vitu havirudi, mwanangu, nami sitakudanganya kwamba vinarudi.

Ile picha ya kidole ndiyo hiyo unayoiona ukutani, ambayo ulipokuwa mdogo ulidhani ni picha ya jangwa. Kilima hicho chenye nyufa ni Koko Nabintu. Kiduchu cheupe pembeni ndicho kilichotufundisha. Mzee Amade, ambaye sasa amelala makaburini Chatsworth, hakupiga tena picha bila kimo. Mara aliweka punje ya mchele, mara ukucha wake. Watu wa kazi yake walimcheka, wakasema mzee ameanza kutetemeka, vidole vinaingia kwenye picha. Yeye aliwajibu, "Mimi siku hizi ninapiga na mkono."

Kuishi kwingi ni kuona mengi, nami nimeona kwamba lenzi hii haimo kwenye kamera peke yake. Tunayo mdomoni na kwenye simu. Mdogo wako aliyebaki Bukavu aliniuliza juzi kama ni kweli una gari jeupe. Nilijua ni picha gani ameiona: ile uliyoegemea gari la mchungaji. Mimi sikukusaliti, ila sikumdanganya. Yule mtoto ameshaanza kusema shule haina maana, anataka kukufuata. Anabeba beseni, mwanangu. Ametoka nyumbani na beseni kichwani kwa sababu ya uyoga uliomwonyesha, na hujamwambia kimo chake.

Nasaha yangu basi ni hii. Kipende kitu kidogo, ukilalie tumboni kama nilivyokilalia, ukizuilie pumzi. Kikuze kadiri lenzi inavyoweza, maana uzuri wake ni wa kweli na watu wanastahili kuuona. Lakini weka kidole chako kando. Ukimwonyesha mtu kazi yako, mapenzi yako, maisha yako ya ugenini, weka kidole, ajue kimo kabla hajatoka nyumbani. Wala usione haya kwamba ulichonacho ni kidogo. Mpigie mdogo wako leo, umwonyeshe chumba unacholala, umwonyeshe na jiko la sahani moja unalopikia. Mwambie: hiki ndicho kijiti changu, na juu yake nimesimama. Hilo litamlisha kuliko gari la mchungaji.

Mvua imeanza kupungua. Najua miguu inakuwasha kushuka bondeni, na kofia zinafunguka sasa hivi. Nenda. Mwenyezi Mungu akunyooshee mgongo baada ya kila kuinama. Akupe jicho lisilodharau kidogo na mkono usioogopa kusimama kando yake, na popote pasipokuwa na kichuguu cha kwenu, akupatie kijiti. Nenda, mwanangu, na ukirudi uniletee picha. Nitaangalia kidole kwanza.